Dereva wa Trakta Naye Ana Watoto



Shule zinafunguliwa mwezi wa 9, na mvua za msimu wa A haziko mbali. Katika siku hizi kila kikundi cha wamama hapa Luberizi kinauliza swali moja: nani atatulimia? Zamani tuliuliza trakta itatoka wapi. Leo mwenye pesa ya kukodi anaweza kuipata, na vikundi vingine vina motokulta yao wenyewe. Kinachokosekana ni mtu. Mtu anayejua mashine, anayelima chini ya kutosha, anayemaliza shamba alilolianza, na anayerudi msimu unaofuata.

Kikundi chetu kina motokulta moja. Kwa misimu minne tumeshakuwa na madereva watatu. Wa kwanza alinunua moto ya mkopo, sasa anabeba watu barabarani. Wa pili alishuka Fizi, kwenye dhahabu ya Misisi. Wa tatu alipata nafasi kwenye lori la mizigo, akaaga vizuri, akatuachia na ufunguo. Hatukugombana na hata mmoja. Yule wa moto tulimuuliza sababu, akatujibu bila kuficha: "Wamama, siko na shida na ninyi. Lakini moto inanipa pesa kila mangaribi. Trakta inanipa ahadi."

Neno hilo lilizunguka kwenye mikutano yetu mwaka mzima wa 2024. Tumeona tuliandike hapa, kwa sababu halihusu kikundi kimoja. Linahusu bonde lote la Ruzizi, na mzigo wake mwisho unaangukia mgongo wa mama.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Wengi wetu tunaiona kutoka kwenye tuta, tukiwa na sufuria ya chakula kichwani. Tunaona mashine inavuta moshi, mtu anaifuata, na tunasema: kazi ni ya mashine, yeye anatembea tu. Basi tuhesabu huko kutembea. Hektari moja ni mita 100 kwa mita 100. Kama jembe la motokulta linakata upana wa sentimita 25, mtu anayelifuata atatembea kilomita 40 ili kumaliza hektari hiyo. Kilomita 40 kwa miguu, na bado hatujahesabu kugeuza kwenye pembe. Kama anatumia visu vya kuzunguka vya upana wa sentimita 60, ni karibu kilomita 17, na kwenye mpunga mara nyingi anapita mara mbili, kwanza kuvunja udongo, halafu kuuchanganya na maji mpaka uwe uji.

Sisi tuko wamama 30, kila mmoja na robo hektari. Jumla ni hektari 7 na nusu. Kwa jembe la sentimita 25, dereva wetu anatembea kilomita 300 kwa msimu mmoja. Ni zaidi ya kwenda Bukavu kwa miguu na kurudi, na njia nzima anashikilia mikono ya chuma inayotikisika, magoti yakiwa ndani ya matope.

Na kutembea ndiyo sehemu ndogo. Asubuhi kabla ya kuwasha anaangalia mafuta ya injini, maji, mkanda, hewa ya magurudumu. Anasafisha chujio la hewa, kwa sababu vumbi la kiangazi chetu likiingia ndani ya injini linasaga chuma kama mchanga unavyosaga meno. Anaangalia mazutu isiwe na maji. Anajua lini atoe magurudumu ya mpira aweke ya chuma ili asizame. Anajua udongo wa kwetu, ambao leo ni mgumu kama tofali na kesho, mvua ikinyesha, unanata kama ugali wa muhogo. Akiingia mapema mno anavunja pyesi, akichelewa anakwama. Ujuzi huo hauonekani kwa anayepita njiani. Unaonekana siku aliye nao anapoondoka.

Kuna na hatari. Kwenye trakta kubwa kuna mhimili wa nyuma unaozungusha vifaa. Kwa kawaida unazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Kitenge kikishikwa hapo, hakuna muda wa kupiga kelele. Dereva mzuri ndiye anayetufukuza tusipite karibu, anayekataa mtoto asikae juu ya tope la gurudumu, anayezima injini kabla ya kuondoa majani yaliyonasa. Tunapomtafuta mtu wa bei ya chini kabisa, tunachagua pia nani atakuwa karibu na watoto wetu mashine ikiwa inazunguka.

Sasa tuje kwenye malipo. Desturi ya bonde letu iko namna mbili. Kuna anayelipwa kwa siku kama kibarua wa jembe, akiongezewa kidogo na sahani ya chakula. Na kuna anayeambiwa: lima, tutakupa mpunga tukivuna. Desturi hizi hazikuletwa na mtu mmoja. Zilitoka kwenye hali ngumu ya wote, maana wakati wa kulima ndio wakati mama hana kitu mkononi. Ghala ni tupu, watoto wanataka madaftari, na hata kama shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bila malipo tangu mwaka 2019, mwenye mtoto sekondari anajua anachodaiwa.

Lakini tuiangalie desturi hiyo pembeni ya sheria. Mwaka 2018 serikali ya Kongo ilipanga kima cha chini cha mshahara kuwa franka 7.075 kwa siku. Kima hicho kilikuwa cha kibarua wa kawaida, asiye na ujuzi wowote. Mwenye ujuzi anapanda ngazi juu yake. Kwa siku 26 za kazi, franka 7.075 zinafanya franka 183.950 kwa mwezi. Je, madereva wa trakta wangapi katika bonde hili walipata hata hizo za asiye na ujuzi? Tena mwaka ule wa 2018 dola moja ilikuwa karibu franka 1.600, na 7.075 zilikuwa zaidi ya dola 4. Mwaka 2024 dola ilikuwa karibu franka 2.800, na pesa ile ile haikufika dola 3. Mazutu na pyesi zinafuata dola. Mshahara wa mtu ulibaki kwenye franka ya zamani.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 ina neno lingine ambalo wamama wachache wanalijua. Mtu anayechukuliwa kwa siku moja moja, akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inamhesabu kuwa mfanyakazi wa kudumu. Hatuliandiki hilo ili kuwatisha wamama. Tunaliandika kwa sababu linaonyesha namna sheria inavyofikiri: mtu unayemhitaji kila siku si mpita njia. Na mtu ambaye si mpita njia, akivunjika mguu kwenye shamba lako, haiwezekani kumwambia tu, pole kaka, Mungu atakusaidia. Kwa mfanyakazi aliyeandikishwa kuna mfuko wa CNSS unaobeba ajali za kazini. Kwa dereva wetu wa bondeni, mfuko wake ni mke wake.

Hapo ndipo sisi kama wamama tunapaswa kusimama kidogo. Dereva wa trakta ana mama. Ana mke ambaye pengine yuko kwenye kikundi cha jirani. Ana watoto wanaokwenda shule moja na wa kwetu. Tunapomwambia asubiri mavuno, tunamwambia mke wake naye asubiri. Miezi minne mama huyo atapika nini? Atakopa unga dukani, na mpunga ukifika nyumbani utakuwa umeshakwisha kabla ya kuingia. Mkono mtupu haulambwi, wazee walisema. Kijana akiona hivyo, moto inamvuta. Moto ina hatari zake na mkopo wake ni mzito, lakini jioni mtoto wake anakula.

Wengine wanasema vijana wa leo ni wavivu, hawapendi shamba. Sisi hatukubali. Kijana anayechimba chini ya ardhi kule Misisi si mvivu. Kijana anayesukuma moto kwenye matope ya barabara namba 5 kutoka asubuhi hadi usiku si mvivu. Anapima kama mama anavyopima sokoni: wapi nitaweka nguvu zangu nipate kitu cha kupeleka nyumbani? Ikiwa shamba ndilo linalolipa kidogo kuliko yote, tena kwa kuchelewa, shamba litabaki na wale waliokosa pa kwenda.

Tena tukumbuke madereva wazuri wa zamani walitoka wapi. Wengi mtawakumbuka wale wazee wa Kiliba. Kiwanda cha sukari kilikuwa na mashamba makubwa ya miwa, matrakta na karakana. Pale kijana aliingia akiosha pyesi, akawa msaidizi, akapewa usukani akiwa ameshajua kusikiliza injini. Vita vya mwaka 1996 vilisimamisha kiwanda, na ile njia ya kujifunza ikakatika pamoja nacho. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka ule sasa amepita miaka 50. Mgongo umechoka. Wachache waliobaki wanaitwa huku na huku kutengeneza mashine zilizoharibiwa na watu waliojifunza kwa wiki moja. Kwa hiyo uhaba huu una mizizi miwili: waliojua wanazeeka, na malipo hayamvuti kijana ajifunze kutoka kwao kabla hawajaondoka.

Na gharama ya kumkosa dereva, nani anailipa? Wanaolima mpunga wanajua jibu. Miche ya kitalu haingojei mtu. Ikifika wiki tatu hivi inataka kuhamia shambani. Shamba likiwa halijalimwa, miche inazeeka kitaluni, na ukiipandikiza inazaa vichipukizi vichache, na suke linakuwa jepesi. Zamu ya maji nayo haingoji. Mfereji ukifunguliwa upande wako na shamba bado ni mabonge makavu, maji yanapita kwenda kwa mwenzako, na wewe unasubiri zamu nyingine. Basi mama anafanya nini? Anachukua jembe. Anaamka saa kumi za usiku. Anamtoa binti shuleni wiki ya kwanza, halafu ya pili, ili amsaidie kulima. Kaka zake pia wanatolewa, lakini tuseme ukweli wa nyumba zetu: anayeachwa nyumbani na mtoto mchanga ili mama awahi shamba ni binti. Mwezi wa 12, matokeo ya shule yakitoka, tunamuuliza kwa nini ameshuka.

Kwa hiyo pesa tunayofikiri tumeiokoa kwa dereva hatukuiokoa. Imelipwa na mgongo wa mama na daftari la binti.

Tunajua kuna wanaouliza: pesa itatoka wapi? Swali hilo ni la haki. Mpunga wakati wa mavuno bei inashuka, mazutu haishuki, na mwenye mashine naye anataka yake. Tusijibu kwa maneno matamu, tujibu kwa hesabu, kila mmoja akiweka namba za kwake. Tuchukue mfano wa wamama 30 wenye robo hektari kila mmoja. Kila mama akiongeza franka 4.000 kwa msimu, juu ya anachotoa leo, zinapatikana franka 120.000. Ukizigawa kwa hektari 7 na nusu, dereva anaongezewa franka 16.000 kwa kila hektari. Upande wa pili, tuseme robo hektari kwa jembe inamaliza siku 15 za kibarua mmoja, na kibarua analipwa franka 5.000. Hizo ni franka 75.000. Toa humo bei ya mazutu na ya mashine ambayo ungelipa kwa vyovyote, bado utaona kwamba zile 4.000 ni ndogo. Ni pesa ya kumfanya mtu abaki. Na mtu akibaki, anaijua mashine yako, anajua shamba la nani lina jiwe na la nani linazama.

Kuna pia hasara isiyoandikwa. Dereva anayelipwa vibaya kwa kila hektari atalima haraka, juu juu, ili amalize nyingi. Atachelewesha kubadilisha mafuta ya injini kwa sababu hakuna anayemlipa saa hiyo. Mazutu kidogo itatoka usiku. Hatusemi kwamba wizi ni halali. Tunasema kwamba mshahara wa haki unakupa uso wa kumdai mtu kazi ya haki. Anayemlipa mwenzake ahadi hana la kusema akipewa kazi ya ahadi.

Jambo hili si la Kongo tu. Ndugu zetu wa Tanzania mwaka 2009 walianzisha mpango ulioitwa Kilimo Kwanza, na pawatila nyingi zikaingia vijijini, ndizo hizi hizi tunazoziita motokulta. Nyingine zilifanya kazi nzuri. Nyingine zilisimama chini ya miembe, kuku wakalala juu yake, kwa kukosa pyesi, fundi na mwendeshaji aliyefundishwa. Lakini kule kule, katika mashamba ya mpunga ya Moshi, kuna chuo cha kilimo cha KATC kilichojengewa nguvu kwa msaada wa Wajapani tangu miaka ya 1990, ambapo wakulima, wanaume kwa wanawake, wamefundishwa mpunga hatua kwa hatua. Tunachojifunza hapo ni kwamba chuma peke yake hakilimi. Anayenunua mashine bila kuweka pembeni pesa ya mtu wa kuishika amenunua nusu ya kitu.

Kwa hiyo tumekaa, tumejadiliana, tena kwa sauti kubwa mara nyingine, na tunaleta mambo matano mbele ya vikundi vyote vya bonde letu.

La kwanza: dereva alipwe siku anayomaliza shamba, si siku ya mavuno. Ili hilo liwezekane, kila kikundi kitenge ndani ya sanduku la AVEC, au ndani ya likelemba kwa wasio na AVEC, fungu linaloitwa "pesa ya dereva". Lianze kuwekwa wakati wa kuuza mpunga, pesa ikiwa mkononi, kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Fungu hilo lisiguswe kwa msiba wala kwa harusi.

La pili: malipo yake yasiwe chini ya kima cha sheria hata siku moja, na yapande kwa ujuzi. Sahani ya chakula tunayompelea ni ukarimu wetu, tuendelee nayo, lakini isihesabiwe kuwa mshahara. Hakuna duka linalopokea sombe kama malipo ya madaftari.

La tatu: tumtafutie kazi ya miezi ambayo hatulimi. Injini ya motokulta inaweza kuvuta tela ya kubeba mavuno hadi barabarani, na vikundi vingine vinaitumia kusukuma maji au kuzungusha mashine ya kukoboa. Tena vikundi viwili au vitatu vyenye mashamba yanayopakana vinaweza kumshika dereva mmoja pamoja, vikapanga zamu kwa karatasi. Anayepata kazi miezi minane hana haraka ya kukimbilia Misisi kama anayepata wiki sita.

La nne: yaandikwe. Karatasi moja tu, kwa Kiswahili kinachoeleweka: atalima eneo gani, kwa bei gani, nani ananunua mazutu, nani analipa pyesi ikivunjika kwa uzee wake na nani ikivunjika kwa uzembe, na akiumia nani anampeleka hospitali na kwa pesa gani. Wote watie sahihi au kidole. Ugomvi mwingi tuliousikia hapa haukutoka kwenye roho mbaya. Ulitoka kwenye "mimi nilifikiri".

La tano, na hili ndilo lililoleta kelele: kila dereva awe na mwanafunzi, na wasichana waruhusiwe. Wale wazee waliobaki wa Kiliba walipwe wafundishe, hata siku mbili kwa wiki, kabla ujuzi wao haujazikwa. Kijana anayetaka cheti, kuna INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, nayo iko Bukavu. Lakini mwanzo wa kazi uko hapa hapa kwenye tope.

Kuhusu wasichana, baba mmoja alitujia akasema kwamba trakta itamharibu binti, hataolewa. Mama mmoja mzee akamjibu polepole: "Baba, jembe limeniharibu mgongo tangu nina miaka 9, na hukusema kitu." Watu walicheka, naye akacheka, lakini neno lilibaki. Motokulta inataka mikono yenye nguvu, ni kweli. Trakta ya usukani inataka zaidi macho, masikio na utulivu. Sheria ya kazi inasema kazi sawa, ujuzi sawa, mshahara sawa. Binti anayeweza kubeba gunia la mpunga kichwani kutoka shambani hadi sokoni, tusimwambie kwamba usukani ni mzito. Wawili wameshaandika majina yao kwetu. Wazazi wao wamekubali kwa sharti kwamba wafundishwe mchana, wakiwa wawili, na mama mmoja wa kikundi awe karibu. Sharti hilo ni jema, tumelikubali.

Hatudanganyi mtu kwamba mambo haya matano yatamaliza shida yote. Usalama ukiharibika, hakuna dereva atakayelala shambani na mashine. Barabara ikikatika, mazutu inapanda. Bei ya mpunga haitupangii sisi. Lakini bei ya mtu anayetulimia iko mikononi mwetu, na siku ya kumlipa iko mikononi mwetu pia. Hayo mawili tunaweza kuyabadilisha kabla ya mvua bila kumngoja mkubwa yeyote kutoka Bukavu au Kinshasa.

Tunaomba kila kikundi kijadili jambo hili kabla ya mwisho wa mwezi huu, na kila mwekahazina aje na hesabu tatu zimeandikwa: wamama ni wangapi, hektari ni ngapi, na kila mmoja anaweza kuongeza franka ngapi bila kumnyima mtoto chakula. Anayeweza 4.000 alete 4.000. Anayeweza 1.500 alete 1.500, na jina lake liandikwe kama la wengine. Wajane na wazee wanaolimiwa bure wataendelea kulimiwa bure. Hilo halina mjadala.

Na kama mna kijana nyumbani aliyeacha trakta akaenda kwenye moto, msimgombeze. Muulizeni anataka shilingi ngapi na lini, halafu mtuletee jibu lake. Pengine yeye ndiye dereva tunayemtafuta.